Gari la Arvo Lenye Namba za Ng'ambo

Mdogo wangu Arvo Kallunki hajawahi kununua kitu kikubwa upande wake wa mto. Friji, matairi, mashine ya kufulia, hata jeneza la baba yetu, vyote alivifuata kwangu Astoria, maana sisi wa jimbo la Oregon hatuna kodi ya mauzo na wao wa jimbo la Washington wanayo. Wala hakuona haya. Kitongoji chao kizima cha Torppa kinafanya hivyo. Jumamosi yoyote ukisimama karibu na daraja utawaona wanarudi kwao na magodoro yamefungwa juu ya magari, mvua inawanyeshea, nao wanacheka peke yao kama watu waliookota pesa njiani.

Mimi niliolewa ng'ambo hii nikiwa na miaka ishirini na mbili. Mume wangu amefariki, watoto wametawanyika, nimebaki na nyumba mlimani yenye vyumba vingi kuliko watu. Arvo alibaki Torppa kwenye shamba la wazazi. Aliendesha malori ya magogo miaka thelathini na minne mpaka mgongo ukagoma. Na kwa miaka ishirini na sita, bila kulipwa hata senti, aliendesha ambulensi ya kituo chao cha zimamoto. Kituo chenyewe ni banda la bati lenye magari mawili na birika la kahawa. Lakini simu ikilia Arvo aliacha chakula mezani, aliacha wageni, siku moja alimwacha mchungaji katikati ya sala.

Miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia, mkewe Verna alianguka jikoni. Moyo. Arvo alikuwa kituoni anaosha ambulensi, na simu ilipokelewa na Marlys Wirkkala, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kiume, ndiye kiongozi wa kituo. Walimfikia Verna kwa dakika saba. Daktari aliwaambia bila kuzunguka kwamba zingekuwa ishirini, wangekuwa wanazungumza mambo ya mazishi. Tangu siku ile Arvo alikuwa akisema "dakika saba" kama watu wengine wanavyosema jina la mtoto wao.

Sasa, pikapu. Ya zamani ilikuwa imeoza sakafu, unaona barabara katikati ya miguu yako. Akaja kwangu mwezi wa kumi, akavua viatu mlangoni, akala vipande vitatu vya mkate wangu mtamu wa iliki kabla hajasema neno. Nikajua ana shida.

"Dada, nataka kuhamia kwako," akasema.

"Umegombana na Verna?"

"Kwa karatasi tu, dada. Karatasi tu."

Akanieleza. Friji ukivuka nayo daraja hakuna anayekuuliza. Gari si friji. Gari lazima liandikishwe unakoishi, na ukiliandikisha Washington ile kodi uliyoikimbia inakusubiri pale pale dirishani. Pikapu aliyoipenda ilikuwa ya dola elfu hamsini na mbili, na kodi yake elfu nne na mia mbili. Dawa yake ni kuwa mtu wa Oregon.

"Elfu nne na mia mbili, Elma! Kwa kazi gani waliyonifanyia?"

"Na ukikamatwa?"

"Nani anikamate? Mwenzangu mmoja kwenye malori kafanya hivyo miaka tisa. Wewe nipe anwani tu."

Arvo ana mkono wa birika tangu utotoni, alikuwa akifua bandeji za kidole ili azitumie tena. Lakini mimi nami sikuwa mtakatifu. Niliona raha kumsaidia mdogo wangu kuwapiga chenga wakubwa. Akaiomba benki ilete barua kwangu kwa jina lake, nikampa, akaenda nayo ofisi ya leseni. Karani akaichukua leseni yake ya Washington, akaitoboa tundu, akamrudishia. Akampa mpya yenye anwani yangu. Wiki iliyofuata pikapu nyekundu ilivuka daraja ikiwa na namba za Oregon, Arvo ndani anapiga mluzi.

Mwezi wa kumi na mbili ikaja kadi kwenye sanduku langu la barua, jina la Arvo juu yake. Nikaisoma nusu, nikaona ni mambo ya serikali, nikaitia kwenye droo ya mbegu za maua. Nikaisahau.

Mwaka mpya ulipoingia, kituo cha Torppa kikaishiwa. Ambulensi ilikuwa imechoka, bima imepanda, na kaunti ikasema wazi: ama wenyeji wajiongezee kodi ya nyumba, kama dola mia na arobaini kwa mwaka kila nyumba, ama kituo kifungwe mwezi wa sita na Torppa ihudumiwe na kituo kilicho nyuma ya milima. Huko ni dakika arobaini barabara ikiwa kavu, na kwetu haiwi kavu. Kura ikapangwa mwezi wa nne.

Basi Arvo niliyemjua, yule wa bandeji, akageuka mpiga debe wa kodi. Aligonga kila mlango wa Torppa. Waliomfukuza aliwarudia. Alikuwa na daftari, na ndani yake aliandika majina ya waliomwahidi ndiyo, yakafika mia na thelathini na moja. Mimi nilimcheka kwenye simu.

"Arvo, wewe leo unaomba watu walipe kodi?"

"Hii si kodi, dada. Hizi ni dakika saba za Verna."

Mwezi wa tatu wakaitana ukumbini. Nilivuka daraja na mikate yangu minne, kwa sababu watu wa Torppa hawakubaliani jambo lolote bila kahawa na kitu cha kutafuna. Aliyewapinga alikuwa Dwight Pomeroy, mfugaji wa ng'ombe mwenye ardhi kubwa kuliko wote, na kwa hiyo ndiye angelipa kubwa kuliko wote. Dwight si mtu mbaya. Alimchangia Verna alipokuwa hospitali. Ila mdomo wake haufungi.

Arvo alisimama akasema vizuri, akaeleza habari ya Verna, wanawake wawili wakafuta machozi. Dwight akanyoosha mkono.

"Bwana Arvo, nina swali dogo tu. Ile pikapu nyekundu hapo nje, yenye namba za Oregon, ni ya nani?"

Nikaona masikio ya Arvo yanakuwa mekundu.

"Ya dada yangu," akajibu.

"Ahaa." Dwight akanigeukia, anatabasamu. "Mama Elma, wewe na miaka yako sitini na nane unaendesha lile dude?"

"Naenda nalo kanisani," nikamwambia.

"Basi kanisa lako liko porini!"

"Liko porini, na wewe karibu, maana la huku kwenye lami naona limekushinda."

Watu wakaangua kicheko, Dwight mwenyewe akacheka akapiga paja. Nikakaa chini najiona hodari kweli kweli. Marlys akanipigia makofi. Arvo hakucheka. Alikuwa anatazama daftari lake.

Katikati ya mwezi wa nne karatasi za kura zikatumwa kwa posta, ndivyo wanavyopiga kura kule. Ya Verna ikafika. Ya Arvo haikufika. Akangoja siku tatu, siku tano. Siku ya saba akaja kwangu, safari hii mkate hakuugusa.

"Dada, kuna barua yangu yoyote imefika hapa?"

Ndipo nikaikumbuka. Nikafungua droo, nikapekua chini ya mbegu za dalia, nikampa ile kadi. Akaisoma amesimama, midomo inatembea. Kumbe alipochukua leseni ya Oregon, Oregon ilimwandikisha kupiga kura huku. Na Washington, walipopata habari kwamba kahama, walimfuta kule. Kadi ilisema kama hutaki kuandikishwa, irudishe ndani ya siku kadhaa. Siku hizo zilikwisha tangu theluji ya mwezi wa kwanza.

Nikapiga simu ofisi yao ya kura bila kujitaja, nikauliza mtu akitaka kurudi daftari la Washington afanyeje. Yule dada wa kwenye simu akanijibu kwa upole kabisa kwamba ni rahisi, mtu anakwenda kwa karani wa kaunti hata siku yenyewe ya kura, anatia sahihi kiapo kwamba anaishi kule, anapewa karatasi yake.

"Umesikia? Ni rahisi," nikamwambia Arvo.

"Rahisi! Natia sahihi kwamba naishi Torppa. Halafu karani anaomba leseni, namwonyesha ya Oregon. Ananiuliza, mzee, kama unaishi Torppa, hii nini? Na pikapu je? Na karani mwenyewe ni shemeji yake Dwight. Kufika jioni kila mtu atajua nilisema uongo ukumbini. Mimi ndiye uso wa kura hii, Elma. Wakijua, hao mia na thelathini na moja watanitemea mate. Nitakiua kituo kwa mkono wangu."

Alikaa, akashika kichwa. Huyo ndiye mtu aliyebeba maiti za vijana kutoka kwenye magari yaliyopinduka bila kutetemeka. Nilimwonea huruma. Na pia, niseme ukweli, sikutaka na mimi nijulikane mwongo, mimi niliyewachekesha watu.

Nikamwambia, "Una mia na thelathini na moja. Kura moja itafanya nini?"

Akasema, "Kweli," akanywa kahawa yake iliyokwisha kupoa, akaondoka.

Siku ya kura ilikuwa Jumanne. Jumatano niliamka nikaoka, nikavuka daraja nikiwa na hakika nakwenda kusherehekea. Nilimkuta Verna mezani na redio, amevaa koti lake la nyumbani la bluu, na Arvo amesimama dirishani.

"Mia na kumi na nane kwa mia na kumi na nane, wifi," Verna akasema.

"Sare?"

"Sare. Na sare ni kushindwa. Lazima ndiyo zizidi."

Sikuthubutu kumtazama Arvo. Watu kumi na tatu wa kwenye daftari lake walikuwa wamemdanganya, au wamelala, au wamesahau bahasha juu ya friji. Mambo ya kawaida. Mlango ukafunguliwa, akaingia Marlys hajabisha hodi, koti linadondosha maji, mkononi ana orodha ya wote waliopiga kura. Orodha hiyo mtu yeyote anaweza kuiomba.

"Bado tuna nafasi," akasema, hata hakukaa. "Kuna bahasha huwa zinakosa sahihi. Mwenyewe akienda kutia sahihi, kura inahesabiwa. Napita nyumba kwa nyumba. Arvo, jina lako silioni."

"Tazama vizuri," Arvo akasema.

"Nimetazama mara nne. Kallunki yupo mmoja tu, Verna. Halafu nikaomba na orodha ya walioandikishwa. Huko nako hupo. Wamekukosea, wajinga wale! Vaa koti twende."

"Labda posta..." nikaanza mimi.

"Wifi, nyamaza," Verna akasema. Alikuwa anamtazama mumewe. Mtu akiishi na mwenzake miaka arobaini na moja hahitaji kuambiwa.

Arvo akatoa pochi. Akazitoa leseni mbili, yenye tundu na isiyo na tundu, akaziweka mezani kando ya mkate wangu. Akaeleza yote, hakuficha chochote, na wala hakunitaja kuhusu ile kauli yangu. Alisema tu kwamba aliogopa.

Nilidhani Marlys atapasua paa. Hakupiga kelele. Alikunja orodha yake ndogo ndogo mpaka ikatosha kiganjani.

"Miaka ishirini na sita, Arvo," akasema. "Ungeniambia. Ningekupeleka kwa karani mimi mwenyewe, ningekushika mkono kama mtoto. Wangecheka wiki mbili, basi."

Akatoka. Bahasha zisizo na sahihi zilikuwa mbili; mmoja alisharudi kwao Idaho na wa pili alikuwa mke wa Dwight, na Marlys hakumsumbua.

Verna alizichukua zile leseni, akazitazama moja moja.

"Ulibakiza kiasi gani?"

"Elfu nne na mia mbili."

"Na mimi hukuniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo," Verna akasema. Akainuka akaenda kulala, asubuhi ile ile, akafunga mlango.

Kituo kilifungwa tarehe thelathini mwezi wa sita. Ambulensi ilinunuliwa na mtu wa kusini anayeuza samaki wa kukaanga, akaipaka rangi ya machungwa. Arvo aliacha kwenda dukani, aliacha kwenda kanisani. Kila wiki aliniambia kwenye simu kwamba atarudisha karatasi zake Washington, atalipa kodi yao na faini yao, na kila wiki hakwenda. Haikuwa ubahili tena. Alishindwa kusimama mbele ya lile dirisha na kusema jina lake. Dwight, nasikia, hakusema neno baya hata moja, na hilo lilimuumiza Arvo kuliko matusi.

Mwezi wa nane, saa nne asubuhi, Verna akashika kifua bustanini kwenye maharage. Arvo akapiga simu. Sauti ikamwambia gari lipo njiani, dakika arobaini na moja. Akakata simu. Akambeba mkewe, akamlaza kwenye kiti cha ile pikapu nyekundu, akashika njia ya darajani. Mtu ambaye kwa miaka ishirini na sita alifunguliwa njia na king'ora, siku ile alikuwa na honi tu. Darajani kulikuwa na matengenezo, magari yanapita upande mmoja kwa zamu, na kijana wa kushika kibao alimsimamisha. Arvo alishusha kioo akapiga kelele, kijana akachungulia ndani, akakitupa kibao chini akakimbia mbele kusimamisha wengine. Namshukuru kijana yule kila siku, na sijui jina lake.

Mimi niliwakuta hospitali, dakika tano kutoka kwangu. Verna alikuwa hai, kijivu kama majivu, mipira puani. Karani wa mapokezi akamwomba Arvo kitambulisho, akamtolea leseni.

"Anwani ni hii hii, mzee? Bado unaishi hapa mlimani?"

Arvo akanigeukia mimi.

"Ndiyo," nikasema mimi. "Anaishi kwangu."

Daktari alikuja baadaye akasema moyo umepoteza sehemu kubwa. Verna anaweza kuishi miaka mingi tu, lakini si mbali na hospitali. Torppa, hapana. Mahali ambapo gari la wagonjwa linafika kwa dakika chache.

Mwezi wa kumi, mwaka mmoja kamili tangu ale vipande vyangu vitatu vya mkate, Arvo alihamia kwangu. Waliuza shamba la wazazi kwa watu wa mjini wanaokuja wikiendi. Verna alizunguka wiki nzima ofisi hadi ofisi kubadilisha leseni, bima, kura, kila kitu. Arvo hakuwa na la kubadilisha. Alikuwa na kila karatasi tayari. Kila masika sasa Oregon inamtoza kodi ya mapato kwenye pensheni yake, kodi ambayo kule Washington haipo, na zile elfu nne na mia mbili zilikwisha rudi serikalini zamani. Hailalamikii. Anaandika hundi, analamba bahasha.

Verna alimsamehe, sijui lini, lakini niliwasikia siku moja chumbani wanacheka. Kura zikija tunapata bahasha tatu kwenye sanduku. Arvo anajaza yake siku hiyo hiyo, mambo ya mabomba ya maji taka za mji asioupenda, halafu anatembea mwenyewe kwenye mvua kuitia kwenye sanduku la kura karibu na maktaba. Akirudi Verna anamuuliza, "Umepeleka?" naye anajibu, "Nimepeleka."

Mimi nakaa nao mezani, namimina kahawa. Lile neno la kura moja nililomwambia jikoni humu humu, kwenye kiti hiki hiki, hajanikumbusha hata siku moja. Hakumwambia Verna, hakumwambia Marlys. Ningependa anikumbushe, anipigie kelele, tumalize. Lakini anachukua mkate wake, anasema asante dada, anakwenda kuliosha gari.